Kompyuta za Wageni

Nyumbani kwetu Mitunguu kulikuwa na vikombe sita vyenye maua ya buluu ambavyo sikuwahi kuvinywea chai nilipokuwa mtoto. Vilikaa kwenye kabati la kioo sebuleni, na mama alivitoa kwa mgeni tu: mchungaji, mjomba kutoka mjini, mtu aliyeleta habari ya posa. Sisi tulinywea vikombe vya bati na hatukujiona tumeonewa, maana kila nyumba niliyoijua ilikuwa na kabati lake na vikombe vyake. Naanza na vikombe ili msomaji asiwaone watu wangu kuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Walijua kabisa kitu kizuri hufanyiwa nini, na kompyuta zilipofika shuleni kwetu walizifanyia hivyo hivyo.

Zilifika nikiwa kidato cha pili, miaka ya tisini ikielekea mwisho, ndani ya lori lililobeba pia viti vya kanisa. Zilikuwa sita, kila moja na kioo chake kizito kama televisheni, sanduku lake na kibodi yake. Zilikuwa zimetumika maofisini huko ng'ambo kabla ya marafiki wa kanisa letu kuzikusanya na kututumia. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, ya wavulana na wasichana, kando ya mfereji unaopeleka maji kwenye mashamba ya ndizi. Stima ilikuwa imefika ofisini na kwenye chumba kimoja tu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbolea ya somo la kilimo. Wazazi walikifagia chumba hicho, wakatia mlango wa chuma na nondo madirishani, na siku ya kuzizindua tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Kikundi cha akina mama, ambacho mama yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake, kilifuma vitambaa vya kuzifunika. Kwetu chombo cha heshima hakikai uchi. Redio ina kitambaa, thermos ina kitambaa, kiti cha mgeni kina kitambaa mgongoni na vingine viwili mikononi. Vya kompyuta vilikuwa vyeupe vyenye ukingo wa manjano, na mama alifuma cha kwake akiwa sokoni, kati ya mteja na mteja. Mwalimu mkuu alivisifu sana. Kisha akafunga mlango, akaning'iniza ufunguo kwenye mshipi wake, akatugeukia sisi wanafunzi.

"Sasa msikie vizuri," akasema. "Hizi machine si za kuguzwaguzwa. Hizi ni za wageni wakija waone. Nikipata mtu kwa hiyo dirisha, atanijua."

Tukapiga makofi. Mpaka leo nikiyakumbuka makofi yale nasikia hasira, na si kwa mwalimu mkuu peke yake. Tulifungiwa nje tukashangilia.

Mwaka uliofuata wazazi waliajiri mwalimu wa kompyuta. Alikuwa kijana kutoka Embu, mwembamba, mwenye cheti kipya na viatu vilivyochongoka, na tulimcheka kwa Kimeru chake cha kuokoteza. Masikini, alikuja akidhani kwamba mwalimu wa kompyuta hufundisha kwa kompyuta. Siku ya kwanza alikwenda ofisini kuomba ufunguo, na sisi tulioketi darasa la jirani tulisikia kila kitu.

"Kwanza wafundishe theory, mwalimu," mwalimu mkuu alimwambia. "Wakishika theory, practical ni kitu kidogo."

"Lakini sir, hata baiskeli mtu hujifunza akiwa ameikalia."

"Baiskeli ikianguka inanyoshwa. Hiyo ikiharibika, utalipa wewe? Hapa kuna vumbi, kuna jua. Hawa watoto wametoka kukatia ng'ombe majani asubuhi, halafu hiyo mikono ndio unataka iguze?"

Akatoka na boksi la chaki. Wiki hiyo alizunguka maduka yote ya sokoni akiomba katoni tupu za sabuni na za mafuta ya kupikia. Alizikata vipande, akachora kibodi kwa kalamu ya wino mzito, herufi zote katika mistari yake, na kila mwanafunzi akapata ya kwake ya kuweka mezani. Kipanya kilikuwa gunzi la mahindi. Alitufundisha kulisukuma polepole juu ya meza na kuligonga kwa kidole cha shahada, mara mbili harakaharaka, na yeye mwenyewe hakucheka. Sisi ndio tulicheka, mwanzoni.

Katoni haina sauti. Mwalimu hakuweza kujua ni nani amebonyeza herufi na ni nani anaipapasa tu, kwa hiyo alibuni njia yake. Alitaja herufi, kisha akapita katikati ya madawati akiwa ameinama, akitazama kucha zetu.

"Bonyeza mpaka nione kucha imekuwa nyeupe," alikuwa akisema. "Na usitoe kidole mpaka nipite."

Tulibonyeza. Darasa zima lilikuwa kimya, vidole vimekandamizwa kwenye picha ya herufi, tukimngoja mwalimu apite. Nikieleza haya kwa vijana wa siku hizi wanaotembea na kompyuta mfukoni hudhani natia chumvi. Wengine huniuliza kwa nini hatukuvunja mlango.

Mara moja kila muhula mwalimu aliruhusiwa kutupeleka dirishani. Tulipanga mstari nje, juani, na kila mmoja alipewa nafasi ya kusogeza uso kwenye nondo huku yeye akinyoosha fimbo kupitia katikati yake na kufunua ukingo wa kitambaa. Hiki ni kioo. Hili ni sanduku, ndani yake ndiko kuna akili. Hapa ndipo diski huingia. Tulitazama kama watu wanaoaga maiti, kisha tukaondoka kumpisha wa nyuma yetu. Na mwalimu mkuu alisimama kwenye veranda ya ofisi, mikono nyuma, akihakikisha fimbo haigusi kitu.

Mimi nilikuwa hodari, na sioni aibu kusema hivyo. Sijui kama ni kipaji au ni njaa tu. Kufikia mwisho wa kidato cha tatu sikuhitaji kuangalia katoni. Nilichapa Baba Yetu kwenye mapaja yangu kanisani huku wengine wakiisali kwa mdomo. Nilichapa kwenye mtungi wa maji, kwenye shina la mgomba, kwenye mbavu za ng'ombe nikikama kwa mkono mmoja. Mama aliona vidole vyangu vinachezacheza akadhani nimepata ugonjwa wa mishipa, na nilipomweleza alifurahi sana, akawaambia wenzake wa kikundi.

Baba alikuwa amekufa nikiwa shule ya msingi. Shamba tulilokuwa nalo lilikuwa dogo, na dada yangu mkubwa, aliyemaliza shule kabla yangu akiwa na alama nzuri kuliko nilizotarajia mimi, alikuwa Laare akifunga miraa kwenye majani ya migomba tangu alfajiri. Alikuja nyumbani Krismasi vidole vyake vyeusi kwa utomvu. Hakulalamika. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, kwamba alikuwa ameacha kulalamika.

Katika muhula wa pili wa kidato cha nne mwalimu mkuu alitutangazia kwenye paredi kwamba marafiki waliotuma kompyuta wanakuja kuziona. Watakuja na nafasi moja. Mwanafunzi mmoja atakayewaridhisha kuliko wenzake mbele ya kompyuta watamlipia masomo katika chuo kimoja cha kompyuta mjini Meru, upande wa Kinoru, pamoja na chumba na chakula, na akimaliza ataandikwa kazi katika ofisi ya kanisa. Wageni wenyewe ndio watakaochagua.

Mstari mzima uligeuka ukanitazama. Nilitazama chini, kwa kuwa ndivyo msichana hufundishwa, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kufika Kinoru, nimefungua chumba changu, nimetandika kitanda. Sijawahi kutaka kitu kingine chochote kwa namna ile. Mume sikumtaka hivyo, wala watoto, Mungu anisamehe.

Mwalimu aliniita kando baada ya paredi. "Hii ni yako," akaniambia. "Mimi nitaomba tena ufunguo. Hata kama ni wiki moja tu, uzoee."

Aliomba. Akaambiwa chumba kitafunguliwa baada ya kusafishwa, na kitasafishwa siku moja kabla ya wageni, ili wakikute kisafi.

Siku hiyo wazazi walikuja mapema. Wanaume walipunguza ua, wakapaka mawe chokaa, wakasimamisha migomba miwili langoni. Wanawake walichukua kazi ya ndani. Sasa, kwetu, kikombe cha mgeni hata kama kilioshwa kabla ya kuwekwa kabatini, siku ya mgeni kinaoshwa tena. Kumpa mgeni chombo kilichotolewa kabatini moja kwa moja ni kumwambia kuwa hukumtarajia. Mwanamke anayefanya hivyo husemwa mpaka mtoni. Mwalimu mkuu alijua hivyo, maana yeye pia alizaliwa na mwanamke wa huko. Alifungua ufunguo kwenye mshipi wake, ule ufunguo ambao mwalimu wa kompyuta aliuomba mpaka akachoka, akampa mama yangu kama mwenyekiti wa kikundi, kisha akaenda kutafuta mbuzi wa kuchinjia wageni.

Hakumwambia neno. Aliyezuia mikono yetu karibu miaka mitatu, aliyezuia vumbi, jua na pumzi yetu dirishani, hakukumbuka kumwambia mama yangu kwamba kompyuta haioshwi.

Tulikuwa katika somo la hesabu. Niliinua macho kutoka kwenye kitabu nikatazama nje, nikaona gunia limetandikwa kwenye nyasi na kibodi zote sita zimepangwa juu yake kifudifudi, zikichuruzika maji, jinsi tunavyoanika sufuria. Masanduku yalikuwa yamepangwa kando yake. Mama alikuwa ameshika kikombe, anamimina maji kwenye matundu ya sanduku moja huku mwenzake akiliinamisha ili uchafu utoke upande wa pili. Povu la sabuni lilikuwa limetapakaa kwenye nyasi. Na walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani, kwa sauti mbili, vizuri sana.

Sikuomba ruhusa. Nilikimbia mpaka chumba cha walimu nikamwita mwalimu wa kompyuta, naye akatoka mbio, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Alipowafikia akasimama ghafla. Mama yangu alijifuta mikono kwenye leso, akatabasamu.

"Mwarimu, kuja uone," alimwambia. "Ilikuwa na mavi ya mjusi mpaka ndani kabisa. Si hao wageni wangetucheka? Sasa angalia vile inang'ara."

Mwalimu alitazama kibodi, akatazama masanduku. Wanawake wale walikuwa rika la mama yake, na Embu ni kama Meru, kijana hawapigii kelele mama za watu, hata kama wameichoma nyumba.

"Asanteni sana, akina mama," akasema mwishowe. "Mmefanya kazi."

Nilimchukia kwa maneno yale. Nilitaka mtu apige kelele, mtu mzima, mwenye cheti. Lakini na mimi nilikuwa pale pale, mdomo ninao, na aliyeshika kikombe cha maji alikuwa mama yangu mzazi. Nilirudi darasani nikaambiwa nipige magoti mbele kwa kutoka bila ruhusa.

Mwalimu alizigeuzageuza juani mchana kutwa. Jioni mwalimu mkuu aliporudi na mbuzi, mwalimu alimweleza. Nilikuwa nimebaki kufagia chumba, kwa hiyo niliwasikia.

"Zikikauka kabisa, siku kadhaa, huenda zikapona," mwalimu alisema. "Lakini tafadhali sir, zisiwekwe kwa stima saa hii."

"Siku kadhaa? Wageni ni kesho! Wewe ulikuwa wapi hawa wamama wakiosha?"

"Nilikuwa chumba cha walimu. Ufunguo hukunipa mimi."

Lile jibu lilimuuma. Mwalimu mkuu alichukua waya akauchomeka yeye mwenyewe, akabonyeza swichi yeye mwenyewe, kuonyesha kwamba mtu wa Embu hawezi kumfundisha mambo ya shule yake. Ya kwanza ilitoa cheche na harufu ya plastiki inayoungua. Akaenda ya pili. Ya tatu ilizima mpaka taa ya ofisini. Hakuacha hadi alipozimaliza zote sita, mwalimu akiwa amesimama ukutani ameshika kichwa. Kama kuna mtu aliyeziua kompyuta zile, ni yeye, si maji ya mama yangu peke yake, na hili nimelisema kwa watu wengi ambao hawakuniuliza.

Kisha akatulia. Ninamjua vizuri, hakuwa mtu wa kushindwa na jambo mbele ya wageni. "Kesho hakuna stima," akatuambia. "Mmesikia? Stima imepotea Mitunguu yote. Watoto wataonyesha vile wanajua kuchapa, basi. Wageni watakaa saa moja tu."

Wageni walifika kabla ya saa sita, bibi mmoja mwenye nywele nyeupe na mumewe aliyebeba kamera kifuani. Bibi alikuwa mtu mzuri. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu wa majivuno, lakini alisalimia kila mama kwa mikono miwili, akajaribu kuwaamkia kwa Kimeru, "Muga", akakosea, akacheka mwenyewe. Mwalimu mkuu alimweleza kwa masikitiko jinsi stima inavyotusumbua watu wa huku. Bibi akasema pole. Vitambaa vikaondolewa, kimoja kimoja, na sisi sita tuliochaguliwa tukaketi.

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kugusa kibodi. Ilikuwa inanata kidogo kwa sabuni. Niliweka vidole mahali pake, nikabonyeza, na herufi ikashuka. Nilishtuka nusura niondoe mkono. Katoni haishuki. Hakuna aliyeniambia kwamba herufi hushuka na kisha hupanda zenyewe kukifuata kidole, na kwamba husikika. Machozi yalinijaa nikayazuia kwa kukaza macho kwenye kioo cheusi, ambamo nilijiona mwenyewe na nyuma yangu bega la mwalimu mkuu.

Bibi alianza kututajia maneno. Wenzangu walitafutatafuta. Mimi nilifumba macho, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kufanya kanisani. Alitaja maneno mafupi, kisha marefu, kisha majina ya miji ya kwao ambayo nilikuwa nimeyasikia kwenye jiografia tu, na kila herufi niliibonyeza mahali pake. Alisimama nyuma yangu akifuatilia vidole. Nilimsikia akimwita mumewe. Kamera ikalia mara kadhaa. Nilipofungua macho alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na nikajua nimeshinda.

Tulitoka nje kusikiliza uamuzi wake, wazazi upande huu, wanafunzi upande ule. Bibi alizungumza Kiingereza polepole ili tumwelewe, na tulimwelewa, neno kwa neno. Alisema amezunguka shule nyingi na hajaona watoto waliofundishwa kompyuta vizuri kama sisi. Alisema alikuja na nafasi moja ya masomo akidhani tunaihitaji, lakini mahali alipopaona leo hapana haja ya msaada tena. Kesho anateremka upande wa ukame wa Embu, kwenye shule ambayo watoto wake hawajawahi kuiona kompyuta hata kwa macho. Nafasi ile ataipeleka huko. Kisha akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akaishika mikono yangu, akasema mikono kama hii haina la kufundishwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Mwalimu wa kompyuta aliinuka kitini nusu. Mwalimu mkuu akamtazama, naye akaketi. Na mimi nilikuwa na Kiingereza cha kutosha. Ningeweza kumwambia bibi yule kwamba sijawahi kuona hata moja ikiwaka, kwamba nimejifunzia kwenye katoni ya sabuni, kwamba kompyuta zake zilikufa jana yake jioni. Lakini angeuliza zilikufaje, na mama yangu alikuwa amesimama mstari wa mbele kabisa, amevaa gauni lake la harusi za watu, akisubiri mtu amtafsirie kilichosemwa. Mwalimu mkuu ndiye aliyemtafsiria. Alimwambia kwa Kimeru, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba mgeni amesema msichana wake amehitimu.

Mama alipiga vigelegele. Wenzake wakampokea. Walinizunguka, wakanishika mashavu, na mimi nilisimama katikati yao nikitabasamu kwa ajili ya kamera, nikiwa na chuki ambayo sikujua niielekeze kwa nani kwanza.

Mwalimu aliondoka shuleni kwetu kabla ya mtihani wetu wa mwisho. Sikusikia tena habari zake. Chumba kikafungwa, na mwalimu mkuu aliendelea kuwaonyesha wageni wengine kupitia dirishani, kila safari stima ikiwa imepotea.

Alama zangu hazikunipeleka popote. Mama hakuhuzunika kama nilivyohofia, kwa maana yeye alikuwa na jambo lake. Asubuhi moja aliniambia nivae sketi ya kanisani, akajitwika mkungu wa ndizi mzuri kuliko yote iliyokuwa shambani, tukaenda Meru mjini kwa mtu wa ukoo wetu aliyekuwa na ofisi ndogo ya kuchapia watu barua na ratiba za mazishi. Alikuwa na taipureta mbili na kompyuta moja. Mama aliuweka mkungu mlangoni.

"Nimekuletea mtoto," akamwambia. "Huyu ni wa kompyuta. Mzungu mwenyewe alimpitisha."

"Ni vizuri, mama. Keti hapo nje kwa benchi upumzike, wacha nimuone."

Kompyuta ilikuwa inawaka. Nilikuwa sijajua kwamba ikiwaka hutoa mvumo, na kwamba kioo chake kina mwanga unaogonga uso. Yule bwana alinipa karatasi yenye historia ya marehemu fulani, akasema nianze. Niliweka vidole mahali pake. Nilijua kila herufi ilipo. Nikabonyeza ya kwanza, imara, mpaka ukucha ukawa mweupe, na kioo kikajaa herufi hiyo moja, mstari mzima, kisha mstari wa pili. Nikashtuka nikatoa kidole. Nikajaribu inayofuata, ikakimbia vilevile. Mkono haukukubali kubonyeza na kuachia. Kila nilipojilazimisha kuachia haraka, kidole kilisahau kinakoelekea, na jina la marehemu likatoka limejaa herufi zisizo zake.

Aliniambia nichukue kipanya nifute. Nilikisukuma polepole, nikakigonga juu kabisa ya mgongo, ambapo hapakuwa na kitu cha kubonyeza.

Hakunicheka. Alivuta kiti akakaa kando yangu, akaniuliza nilisomea shule gani. Nilipomtajia akatikisa kichwa kwa heshima.

"Aa, hiyo shule ya kompyuta," akasema. "Niliona picha yenu kwa kalenda ya kanisa. Ile ya msichana amefunga macho."

Alifuta makosa yangu yote kwa kidole kimoja, akainuka, akatoka nje kwa mama. Nilimfuata. Alikuwa mtu mwenye adabu, na mama alikuwa mkubwa kwake, na mkungu ulikuwa mlangoni.

"Mama," akamwambia, "huyu msichana wako amesoma sana. Kazi yangu hapa ni ndogo, nitamharibia maisha bure. Huyu ni wa ofisi kubwa."

Akaubeba mkungu akauingiza ndani.

Mama alinitazama. Sijawahi kumwona amenyooka vile, hata siku ya vigelegele. Alinishika mkono tukavuka barabara, na tulipofika upande wa pili akasema, "Basi tutangojea hiyo kubwa."

Wiki hiyohiyo mnunuzi wa ndizi aliyekuja na lori alipita nyumbani kwetu akitafuta msichana wa kumpimia mizigo sokoni, na mama alimtilia chai kwenye kikombe cha bati, akamwambia mimi sipatikani.